Nia ya kisiasa kwenye vita ya rushwa: mimi naipimia kwenye gunia la viazi

Fuso la Isyonje (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, ndaga fijo wana Mbeya wote. Uzi mrefu kidogo, asiyependa kusoma apite tu kimyakimya.

Kila nikiwasha redio kwenye gari nakutana na kiongozi anasema "tuna nia ya dhati ya kupambana na rushwa". Hilo neno nimelisikia tangu niko utingo, leo nina gari yangu (ya mkopo lakini yangu) na bado lilelile. Sasa nimejiuliza hii nia ya dhati inafananaje, ukipishana nayo barabarani utaijua? Maana kijana akija nyumbani akasema ana nia ya kuoa tunamuuliza mahari iko wapi, hatumpigii makofi.

Mimi nabeba viazi, Isyonje na Kikondo huko juu, nashusha Uyole au naunganisha mpaka Ilala Dar. Kwa hiyo siongelei mabilioni, naongelea ninachokijua. Lumbesa, yani gunia lililojazwa kupita kipimo na kuvikwa kichwa juu. Sheria ya Vipimo ipo, sura ya 340, gunia la mazao mwisho kilo 100. Mkulima anajua, dalali anajua, mtu wa geti anajua, hata mbuzi wa Isyonje wanajua. Na kila mwaka anakuja mkubwa anapiga marufuku kitu ambacho tayari ni marufuku.

Mwaka juzi alikuja mmoja. Siku hiyo shambani hukuona lumbesa hata kwa dawa, mzani umeletwa na pikapu ukawekwa juu ya turubai, magunia yameshonwa midomo sawa kama ya sukari. Mkubwa akabonyeza gunia kwa kidole, picha zikapigwa, akasema atakayekutwa na lumbesa ashughulikiwe bila kuangaliwa usoni. Saa tisa msafara ukaondoka. Saa kumi mshonaji wetu akatoa shazia kwenye soksi, alikuwa kaichomeka humo tangu asubuhi, akaanza kufumua yale magunia yaleyale ya kwenye picha na kuyavika vichwa, debe mbili mbili juu. Mzani ulisharudi mjini na msafara.

Kile kitu kimenikaa kichwani mpaka leo. Hakuna aliyemwambia mshonaji aanze, hakuna aliyeuliza kama wametuachia mtu wa kuangalia. Watu wote pale, kuanzia mkulima mpaka mtendaji, walikuwa wanajua ile nia ya dhati inaisha saa tisa.

Na nikiri na langu msije mkasema najitakasa. Geti moja la ushuru (silitaji, ya halmashauri nyingi yanafanana) nimebeba gunia 60, ushuru buku kwa gunia, halali 60,000. Yule kijana wa mashine ananiuliza "tajiri tunafanyaje". Nampa 40,000, mashine inatoa risiti ya gunia 20. Halmashauri imepata 20,000, yeye kabaki na 20,000, na mimi nimebakiwa na 20,000 yangu. Wote tunacheka. Ukisema unataka risiti kamili anakwambia weka gari pembeni mtandao unasumbua, hapo unakaa mpaka viazi vya chini vianze kutoa maji. Halafu baadae nalalamika barabara ya Isyonje mbovu.

Sasa swali langu wakuu. Sheria ipo. Takukuru (taasisi ya kupambana na rushwa) ipo, namba yao 113 ipo na ni bure. Nini hakipo? Mimi naona hakipo kitu kimoja tu, mtu wa juu aliye tayari kupata hasara yeye mwenyewe ili hii kitu iishe. Njooni tujadili kistaarabu.

Dogo wa Mafiati

Nimekaa paleee kwenye kona na karanga zangu.

Jembe Halirudi Nyuma

Mleta uzi umeandika vizuri ila umejisahaulisha, au hukuwepo nchini kuanzia Novemba 2015? Rais Magufuli (JPM) alipoingia hata mwezi haujaisha makontena bandarini yameshafumuliwa, kamishna mkuu wa TRA, mamlaka ya mapato, kasimamishwa, Desemba hiyohiyo bosi wa Takukuru akaondolewa. 2016 mahakama ya mafisadi ikaanza. Aprili 2017 watumishi 9,932 wenye vyeti feki hadharani. Ofisi za serikali ulikuwa unahudumiwa mpaka unashangaa, mtu anakuita mzee na wewe una miaka 25. Na hata wale wazungu wa Transparency International ambao hawakumpenda walimpandisha wenyewe, 2015 Tanzania tulikuwa alama 30 kati ya 100, 2020 tukawa 38 (alama ikipanda maana yake rushwa inaonekana kupungua). Nia ya kisiasa ndo ile, mtu mmoja ameamua. Mengine yote ni siasa za vijiweni.

Wakili wa Kijiweni

Jembe hizo alama ziko sawa, sina ugomvi nazo. Ila endelea kuhesabu basi, 2023 alama 40, 2024 alama 41, wakati huyo mtu mmoja hayupo tena. Kwa hiyo ama aliacha kitu kinachotembea chenyewe, ama hizo alama zinapima kitu kingine maana zinatokana na maoni ya wataalamu na wafanyabiashara, hawaendi kumuuliza mama muuza parachichi pale stendi. Huwezi ukachukua unazozitaka tu.

Halafu kuna upande umeuruka. Kipindi hichohicho CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, Profesa Assad alisema bunge ni dhaifu, maana anaandika ripoti halafu hakifanyiki kitu. Akaitwa kuhojiwa, Aprili 2019 bunge likaazimia halifanyi naye kazi, Novemba akaondolewa. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikaja kusema kumuondoa vile kulikiuka katiba. Sasa niambie, mtu ana nia ya kuua panya ndani ya nyumba, kwanini anamfukuza paka kwasababu paka kalia usiku?

Jembe Halirudi Nyuma

Wakili paka akiwa anawapa majirani siri za nyumba unamfukuza 😂 ila sawa hapo kwa Assad sina cha kusema sana.

Mwalimu Mstaafu Mafinga

Wanangu, shikamooni nyote mlionizidi, wengine marahaba.

Mnavyoongea utadhani jambo hili limeanza 2015. Mwaka 1963, uhuru una miaka miwili tu, serikali ya Mwalimu Nyerere ilileta sheria ya adhabu za chini, mla rushwa alikuwa anakwenda jela si chini ya miaka miwili na viboko ishirini na vinne juu. Kumi na viwili siku ya kuingia, kumi na viwili siku ya kutoka. Habari hiyo Mwalimu mwenyewe aliisimulia hapohapo Mbeya kwenye Mei Mosi ya 1995, mimi nilikuwa nimetoka Mafinga na wenzangu wa chama cha wafanyakazi, tumesimama juani. Aliposema vile kumi na viwili vya kutoka ni ili akamwonyeshe mkewe, uwanja mzima ulicheka. Na mimi nilicheka. Ila niliangalia jukwaa kuu, kule kicheko kilichelewa kidogo kufika.

Na hao vijana mnaowasifia hawajamfikia Sokoine, aliyekuwa waziri mkuu. 1983 nilikuwa mwalimu mpya kabisa, sabuni hakuna, sukari kwa foleni. Alipoanza kusaka wahujumu uchumi, bidhaa zilianza kuokotwa mitaroni, watu wanatupa vitenge na sabuni usiku zisikutwe ndani. Ile sheria ilikuwa kali mno, mtuhumiwa hana dhamana, hana wakili, anapelekwa mbele ya jopo maalumu. Wengi tulishangilia. Lakini alikamatwa pia mwenye duka la kijijini aliyeficha katoni mbili. Aprili 12, 1984 akafariki kwa ajali pale Dakawa, na mwaka huohuo sheria ikabadilishwa, ikaja ya uhujumu uchumi ambayo mnaisikia hadi leo. Uwanja wa mpira hapo Mbeya una jina lake. Vita yake imebaki kwenye geti la uwanja.

Kwa hiyo swali la huyu kijana wa viazi ni zuri. Nia ya mtu mmoja nimeiona mara mbili kwa macho yangu na mara zote mbili nilimzika mtu, nikaambiwa na nia nayo imezikwa.

Dogo wa Mafiati

Mwalimu apo kwenye "kicheko kilichelewa kufika jukwaa kuu" nimesimama nikapiga saluti chumbani peke yangu.

Boda ya Nakonde

Mimi nipo Tunduma hapa, ukivuka hatua kumi uko Zambia, basi niwape ya majirani maana inafanana na ya Mwalimu mpaka inatisha.

Mwanawasa kaingia urais Januari 2002, kawekwa na Chiluba mwenyewe, rais aliyemtangulia, kila mtu anasema huyu ni kibaraka. Julai mwaka huohuo anaenda bungeni, bunge linamvua Chiluba kinga. Anaunda kikosi kazi cha kufuatilia mali, wanaenda mpaka mahakama ya London, Mei 2007 jaji anasema Chiluba na wenzake warudishe kama dola milioni 46, na jaji akaongelea mpaka yale masuti na viatu vya kisigino virefu vya kushonesha Uswisi. Huku Tunduma tulikuwa tunacheka, wabadilisha fedha wanaulizana kiatu kimoja ni kwacha ngapi.

Agosti 2008 Mwanawasa akafariki. Agosti 2009, mwaka mmoja, mahakama ya Lusaka ikamwachia Chiluba kwenye kesi ya jinai, serikali mpya ya Rupiah Banda ikakataa kukata rufaa, na mkuu wa kile kikosi kazi aliyetaka kukata rufaa akafukuzwa kazi. Kikosi chenyewe kikavunjwa. Halafu Sata akashinda urais 2011, mwaka 2013 bunge likamvua kinga Banda. Unaona mchezo? Kila anayeingia ana nia ya dhati na aliyetoka.

Wakili wa Kijiweni

"Kila anayeingia ana nia ya dhati na aliyetoka." Nakazia kwa wino mwekundu.

Mnyalu wa Ipogolo

Kamwene wakuu. Mi mnaniudhi kitu kimoja, wote mnaangalia juu juu juu, kama vile sisi tuko kwenye basi hatuna usukani. Ngoja niwakumbushe kitu kinachouma.

Septemba 2007 Mwembe Yanga, Dar, Dk. Slaa wa upinzani anasoma orodha ya mafisadi, tunaishangilia mpaka huku Iringa, kaseti zinauzwa Miyomboni. Februari 2008 kamati ya Mwakyembe, mbunge wa Kyela huyo, mtoto wa kwenu Mbeya, inasoma ripoti ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond bungeni na Lowassa anajiuzulu uwaziri mkuu, mawaziri wawili nao wanatoka, baraza lote linavunjwa. Tukasema nchi sasa imeamka. Haya, 2015 ikafika. Lowassa huyohuyo akahamia upinzani akagombea urais na sisisisi tuliokuwa tunaimba ufisadi tukazunguka naye mikono juu, akapata karibu asilimia 40 ya kura za nchi nzima. Sisemi alikuwa na hatia, hakuwahi kushtakiwa na mwenyewe alikana hadi anafariki, Mungu amrehemu. Nasema sisi. Kama tulimwamini hana kosa 2015 basi tulimwonea 2008, na kama tulimwamini ana kosa 2008 basi 2015 tulikuwa tunafanya nini? Mimi nilikuwepo Mlandege na bendera, hata sijui nikwambie nini.

Mwanasiasa anaangalia hiyo anapata somo lake. Kwamba hawa watu rushwa wanaichukia kwa adui tu.

Jembe Halirudi Nyuma

Mnyalu leo umetoa roho ya mtu.

Wakili wa Kijiweni

Niongezee kwa Mnyalu halafu nirudi kwenye hoja ya mleta uzi. Mnakumbuka takrima? Mwaka 2000 bunge lilibadilisha sheria ya uchaguzi, mgombea akigawa vitu kwa "nia njema" ni ukarimu wa kiafrika, siyo rushwa. Khanga, pilau, soda, ruksa. Ilikaa hiyo mpaka Aprili 2006 Mahakama Kuu ilipoifuta kwenye kesi iliyofunguliwa na mashirika ya haki za binadamu. Miaka sita rushwa ya uchaguzi ilikuwa na baraka za sheria, na waliopiga kura ya ndiyo bungeni ni walewale walioshinda kwa pilau. Hapo nia ya kisiasa ilikuwepo kabisa, tena ya dhati, ila ilikuwa inaelekea upande wa pili.

Na huyo kijana wako wa mashine mleta uzi, nikupe faida. Sheria ya Takukuru ya 2007 ilivyotungwa, kifungu cha 15 hongo ya kawaida, faini kuanzia laki tano haizidi milioni moja, ama jela miaka mitatu mpaka mitano, ama vyote. Kijana anaiba 20,000 kwa gari, magari kumi kwa siku. Faini ya laki tano ni siku mbili na nusu za kazi. Ukitoka kwenye hicho kifungu ukaenda kwenye makosa mengi makubwa ya sheria hiyohiyo, faili lazima lipite kwa DPP, mkurugenzi wa mashtaka, atoe kibali. Sisemi DPP ni mbaya, nasema ni mteule wa rais, bosi wa Takukuru ni mteule wa rais, na mkurugenzi wa halmashauri yenye lile geti naye mteule wa rais. Uzi wote uko kwenye mkono mmoja. Mkono ukiwa mzuri tunalala, ukichoka tumekwisha.

Hong Kong miaka ya 70 polisi walikuwa wala rushwa kupindukia, mkubwa mmoja wa polisi Mwingereza anaitwa Godber akatoroka 1973 na mali zake, watu wakaandamana, 1974 wakaunda tume iliyo nje ya polisi kabisa. Na msidhani ilikuwa mteremko, 1977 polisi wenyewe wakavamia ofisi za tume, gavana akalazimika kusamehe makosa mengi ya nyuma ili kazi iendelee. Alimeza aibu ila tume hakuivunja. Mimi nia naiona pale, kwenye ile aibu aliyomeza.

Binti wa Umalila

Jamani mimi siasa sijui sana ila nimesoma huu uzi nikamkumbuka mama yangu na vocha.

Mnaikumbuka vocha ya mbolea ya ruzuku? Ilianza 2008 hivi. Kaya inapewa vocha tatu, ya mbolea ya kupandia, ya kukuzia, na ya mbegu, unapeleka kwa wakala unaongezea hela yako kama nusu. Sasa mama nusu hiyo hana. Akaja mtu (simtaji, bado anaishi kijijini na watoto wake tulisoma wote) akakaa kwenye kigoda jikoni kwetu, katoa daftari, akamwambia mama weka dole gumba hapa na hapa na hapa, akampa elfu kumi na kipande cha sabuni ya mche. Mimi ndo nilikuwa nashika kibatari. Wino ulibaki kwenye kidole cha mama siku tatu, anaosha vyombo hautoki. Kwenye makaratasi ya serikali mama yangu mwaka ule alipata mbolea mifuko miwili na mbegu kilo kumi. Kwenye shamba mahindi yalikuwa ya njano.

Na kilichoniuma nilikijua baadae nikiwa chuo. Ile hela ya EPA (akaunti ya madeni ya nje) iliyoibwa Benki Kuu 2005, shilingi bilioni 133 kwa kampuni 22, Rais Kikwete aliwapa muda wairudishe, na Agosti 2008 alilitangazia bunge iliyorudi iende kwenye kilimo, mbolea ya ruzuku ikiwemo. Kwa hiyo waliiba kule juu, ikarudishwa, ikashushwa kwetu, ikaliwa tena kwenye kigoda jikoni kwa mama. Sasa huyo rais alikuwa na nia au hakuwa nayo? Mimi mpaka leo sijui nijibuje.

Dogo wa Mafiati

Nimeweka karanga chini.

Boda ya Nakonde

Pole sana binti. Siku hizi angalau ni namba kwenye simu, mkulima anasajiliwa. Ingawa nasikia na hapo wajanja washapata mlango.

Mwalimu Mstaafu Mafinga

Binti yangu, tume ya Warioba ya kuchunguza rushwa, iliyoundwa na Rais Mkapa 1996, iligawa wala rushwa mafungu mawili, wa kwanza anakula kwa sababu mshahara haumfikishi mwisho wa mwezi, wa pili ana kila kitu na bado tamaa. Huyo wa kigoda na huyo wa EPA ni watu wawili tofauti, lakini walikula sahani moja. Ndiyo maana ukimkamata mmoja tu hujafanya kitu. Mkapa alistahili sifa kwa kuiruhusu ripoti isomwe na watu. Kilichofuata baada ya kuisoma ndicho kilichokuwa kichache.

Jembe Halirudi Nyuma

Haya basi nikubali kidogo, mtu mmoja hatoshi. Ila na nyie mkubali bila mtu mmoja hakianzi kitu. Mnasema mifumo mifumo, mfumo nani anauweka? Godber angekimbia hata mara kumi kama gavana hakutaka ile tume isingekuwepo. Mleta uzi turudi kwako, unataka nini kifanyike kwenye hilo gunia, maana kulalamika wote tunajua.

Fuso la Isyonje (mleta uzi)

Wakuu nilikuwa napakia, nimesoma yote sasa hivi chini ya taa ya gari. Binti pole, umenifanya nimpigie simu mama.

Jembe swali zuri. Jibu langu liko kwenye kitu ambacho watu wengi hawakijui kuhusu lumbesa. Watu wanadhani ni ujanja wa madalali tu. Hapana, ushuru unahesabiwa kwa gunia. Ukiweka viazi vya gunia tatu kwenye gunia mbili unalipa ushuru wa mbili, unalipa wapakiaji wa mbili, Ilala unalipa washushaji wa mbili. Yani utaratibu wenyewe wa kutoza unanibembeleza nivunje sheria. Hesabu ingekuwa kwa kilo, mzani ukae pale getini mwaka mzima, lumbesa ingekufa yenyewe bila mkubwa kuja kubonyeza gunia kwa kidole. Mzani siyo ndege kwamba hatuwezi kununua.

Ila sasa nani hataki? Nimefanya utafiti wangu wa kijiweni. Wanunuzi wakubwa hawataki. Na hao wanunuzi wakubwa ndo wanaotoa mafuta ya gari kipindi cha kampeni, turubai, spika, wali. Wengine ni madiwani wenyewe, anakaa kwenye kikao kupitisha sheria ndogo asubuhi, mchana yupo shambani na shazia zake. Kiongozi akisema mzani ukae, anapoteza hao. Ndo maana nilisema nia ni hasara. Kumkamata kijana wa mashine mwenye 20,000 hakumpunguzii mtu kura hata moja.

Na kuna hiki. Toka 2017 mazao yasiyozidi tani moja yakitoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatakiwi kutozwa ushuru. Sheria nzuri, iliwekwa kumsaidia mnyonge. Mwezi uliopita nimemkuta mama ana gunia tatu kwenye bajaji kasimamishwa getini, anabishana hadi sauti imekauka, mimi mwenye 60 nimepita dakika tano maana mimi nina la kuongea. Nikamwambia yule kijana huyu hana ushuru bwana, sheria inasema. Akaniangalia akasema "tajiri, wewe leo unataka tuanze na sheria?" Nikanyamaza. Nilikuwa na risiti yangu ya gunia 20 mfukoni, ningeongea na mdomo gani.

Mnyalu wa Ipogolo

"Wewe leo unataka tuanze na sheria" 😂😂😂 duh huyo kijana ana shahada.

Wakili wa Kijiweni

Ndo umefika penyewe mkuu. Ukishakula naye hata kama una haki huna sauti. Kule juu nako ni hivohivo, ndo maana kesi kubwa zinafia njiani, anayetakiwa kushtaki naye ana risiti yake ya gunia 20 mahali.

Safari ijayo jaribu kitu, dai risiti kamili ya 60. Tuone nini kinatokea. Halafu piga 113 ukizinguliwa.

Fuso la Isyonje (mleta uzi)

Wakili hunilipii viazi vikioza lakini. Ila sawa. Napita usiku huu, nitawaambia.

Dogo wa Mafiati

Mrejesho wakuu, huu uzi usife. Natag kila mtu asubuhi.

Binti wa Umalila

Mungu akutangulie kaka. Na Kitonga shuka taratibu.

Fuso la Isyonje (mleta uzi)

Mrejesho. Samahani nimekawia, niko Ilala toka alfajiri nasubiri kushusha.

Nilifika getini saa nne usiku. Nikasema naomba risiti ya gunia 60. Kijana akacheka, akaona sicheki, akasema mtandao unasumbua weka pembeni. Nikaweka. Utingo wangu akadhani nimerogwa. Saa tano, saa sita. Magari yanapita, mengine yananiwashia taa kuniuliza kuna nini. Saa sita na nusu nikatoa simu nikapiga 113 nikiwa nimesimama palepale mbele yake makusudi. Kabla hata haijapokelewa mashine ikapata mtandao. Risiti ya gunia 60, shilingi 60,000, imeandikwa safi na saa juu yake. Kijana hakunitukana wala nini, alisema tu "tajiri, umeniharibia na wa kesho".

Gunia nane za chini zimetoa maji, nimeziuza kwa hasara. Tajiri mwenye mzigo kanipigia simu anauliza nilichelewa wapi, nikamwambia nilikuwa nalipa ushuru, akakata.

Mbele huko kuna geti la ukaguzi, nikatoa risiti yangu dirishani nikaipunga kabisa. Mlinzi alikuwa amelala.

Dogo wa Mafiati

Mkuu hizo gunia nane zilikuwa lumbesa au za kilo mia?

Fuso la Isyonje (mleta uzi)

Dogo, lala.